Namna ya kuzuia rangi za flurosenti zisirundikane ndani ya mpako wa polima kwenye kitambaa cha pamba

Mteja anayeagiza vizibao vya waendesha bodaboda au fulana za mbio za hisani huwa na sharti moja kuhusu rangi: ionekane kana kwamba inawaka, hata jioni jua likiwa limeshafifia. Fundi wa Kariakoo au Ilala anayechapa kwa skrini huchukua unga wa rodamini au wa fluoreseini, akauchanganya na binda ya akriliki isiyo na rangi, yaani gundi ya polima inayoshikiza rangi kwenye kitambaa, akapaka kwenye pamba na kukausha kwa joto. Matokeo yakija hafifu, mkono wake hurudi kwenye kopo la unga, kwa kuwa katika rangi za kawaida anayetaka rangi iliyokolea huongeza rangi. Kwa rangi za flurosenti tabia hiyo ndiyo inayoharibu kazi. Kipo kiwango ambacho kikishapitwa, kila gramu inayoongezwa hupunguza mng'ao, na sababu kubwa ni kurundikana kwa molekuli za rangi ndani ya tabaka la polima. Mwongozo huu unaeleza namna ya kukitafuta kiwango hicho kwa vifaa vinavyopatikana Dar es Salaam, namna ya kuandaa kitambaa na mchanganyiko ili molekuli zibaki zimeachana, na namna ya kutofautisha mrundikano na kasoro nyingine zinazofanana nao kwa macho.

Kinachotokea ndani ya tabaka

Molekuli ya rangi ya flurosenti hufyonza mwanga wa urefu fulani wa wimbi, kisha huutoa ukiwa na urefu mkubwa zaidi. Rodamini B, kwa mfano, hufyonza zaidi karibu na nanomita 550 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) na kutoa mwanga karibu na nanomita 580. Hayo hutimia ikiwa molekuli iko peke yake. Molekuli mbili zikilaliana bapa kwa bapa hufanya jozi, na jozi hiyo hufyonza mwanga wa wimbi fupi zaidi, kwenye nanomita 520 hivi, lakini karibu nishati yote iliyofyonzwa hugeuka joto. Upo mpangilio mwingine ambamo molekuli hufuatana kichwa kwa mkia, ukaelezwa na Edwin Jelley huko Uingereza na Günter Scheibe huko Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, mnamo mwaka 1936 na 1937. Huo hufyonza mwanga wa wimbi refu zaidi na waweza kung'aa vizuri. Kwa bahati mbaya, rodamini zinazoachwa na maji kwenye kitambaa hupendelea zaidi mpangilio wa kwanza.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba si lazima molekuli zote zifungane ndipo mng'ao ufe. Theodor Förster alionyesha katika miaka ya 1940 kwamba nishati huweza kuruka kutoka molekuli moja hadi nyingine bila mwanga wowote kutoka, ikiwa umbali kati yao ni wa nanomita chache. Kwa hiyo jozi chache tu zilizotawanyika ndani ya tabaka huwa mitego: molekuli isiyo kwenye jozi hufyonza mwanga, huipokeza nishati jirani yake, jirani naye humpokeza wa pili, mpaka ifike kwenye jozi na kupotea. Hesabu yake si ngumu. Tabaka kavu la akriliki lenye rodamini B ya asilimia 0.2 kwa uzito, ikiwa rangi imesambaa sawasawa, huwa na nafasi ya nanomita 7 hivi kati ya molekuli na molekuli. Kwa asilimia 1 nafasi hiyo hushuka hadi nanomita 4, na kwa asilimia 2 hubaki nanomita 3 na kidogo. Mruko wa nishati kati ya rodamini na rodamini hushika kasi kwenye nanomita 5 au 6. Ndiyo maana mafundi wengi huanguka mahali pamoja, kati ya asilimia 0.2 na 2, bila kujali binda waliyonunua.

Zipo pia rangi zinazotenda kinyume, zinazong'aa pale tu zinaporundikana, ambazo kundi la Ben Zhong Tang huko Hong Kong lilizieleza mwaka 2001. Hizo si rangi za kuokota kwenye rafu za duka, na mwongozo huu hauzihusu.

Pamba nayo huongeza ugumu wake. Nyuzi zake hunywa maji kwa haraka, na maji yanaposogea kuelekea mahali panapokauka kwanza, huibeba rangi ambayo haijashikwa na polima. Mchanganyiko wa kupaka huwa na maji mengi kuliko polima, na maji ndiyo mazingira ambamo rodamini hufungana jozi kwa wepesi, wakati katika spiriti hubaki zimeachana hata zikiwa nyingi mara kadhaa. Maji yanavyopungua, rangi hujazana katika kimiminika kilichobaki kabla chembe za binda hazijaungana kuwa tabaka. Dakika hizo chache za kukauka ndizo zinazoamua karibu kila kitu, na hatua zote zinazofuata zinalenga kuzifupisha au kuzidhibiti.

Kitambaa na maji

Vitambaa vya marekani na bafta vinavyouzwa kwa jora huja na wanga uliopakwa kiwandani, na marekani huja pia na nta ya asili ya pamba. Wanga hushika rangi kwa madoa, na nta huzuia mchanganyiko usiingie sawasawa, kwa hiyo rangi hukusanyika palipo safi na kupungukiwa palipo chafu. Dondosha tone la iodini ya duka la dawa, iliyozimuliwa kwa maji, kwenye kona ya kitambaa: likigeuka buluu nyeusi, wanga bado upo. Loweka kitambaa katika maji ya moto yenye kimeng'enya cha kuondoa wanga, kisha kichemshe kwa saa moja katika maji yenye sodiamu kaboneti na sabuni kidogo, suuza mara kadhaa, na urudie jaribio. Baada ya hapo dondosha tone la maji safi kutoka urefu wa sentimita moja. Tone linapaswa kunywewa ndani ya sekunde chache, na likikaa juu limevimba, chemsha tena.

Kitambaa cheupe cha dukani, pamoja na sabuni nyingi za unga, huwa na vingarishi vinavyofyonza urujuanimno na kutoa mwanga wa buluu. Vingarishi hivyo ni flurosenti vyenyewe. Kabla ya kuanza, angaza kitambaa kitupu kwa tochi ya urujuanimno ya nanomita 365 katika chumba chenye giza: kikitoa buluu kali, ujue vipimo vyako vya baadaye vitachanganyika na mwanga huo, hasa ukitumia rangi ya njano. Kwa majaribio ni afadhali kutumia kitambaa kisicho na kingarishi, ukakifua kwa sabuni ambayo umekwisha kuiangaza na kuona haitoi buluu.

Maji yanastahili uangalifu mkubwa kuliko yanavyopewa. Sehemu nyingi za Dar es Salaam hutegemea visima, na visima vya karibu na pwani huwa na chumvi ambayo ulimi unaitambua mara moja. Chumvi hiyo hufanya mambo mawili kwa pamoja: hupunguza msukumano wa umeme kati ya molekuli za rangi zenye chaji moja, hivyo zikafungana kwa wepesi zaidi, na hudhoofisha emalsheni ya binda, yaani chembe za polima zinazoelea ndani ya maji, hivyo chembe zake zikaanza kushikana kabla ya wakati. Tumia maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya betri, na usome lebo kabla ya kulipa, kwa sababu asidi ya betri mara nyingine huuzwa pembeni yake katika chupa inayofanana. Kwa uzalishaji mkubwa maji ya mvua yaliyochujwa yanafaa, ilimradi yasiwe ya mvua ya kwanza inayoosha vumbi la bati.

Kuyeyusha rangi na kuichanganya na binda

Usimwage unga mkavu ndani ya binda hata kidogo. Punje za unga zikigusa polima hufunikwa kwa nje na kubaki hazijayeyuka ndani, na utaziona baadaye zikiwa vidoa vyeusi vinavyozungukwa na duara linalong'aa. Pima gramu 1 ya rangi kwa mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, iloweke kwa gramu 20 za ethanoli, yaani spiriti, mpaka iwe uji mwembamba usio na punje, kisha ongeza gramu 79 za maji yaliyotoneshwa yenye vuguvugu la nyuzi 50 hivi, ukikoroga. Huo ni mmumunyo wa asilimia 1. Uchuje kwa kitambaa cha bafta kilichokunjwa mara nne, ufunike, na uuache upoe. Vaa glavu na barakoa wakati wa kupima, kwa maana rodamini hushika ngozi kwa siku kadhaa na vumbi lake halifai kuvutwa, na ethanoli ikae mbali na jiko.

Chaji ya binda ndiyo swali la kumwuliza muuzaji kabla ya bei. Emalsheni nyingi za akriliki zina chaji hasi, na rodamini 6G, aina nyingine ya rodamini, ina chaji chanya. Vikikutana, rangi huvutwa kwenye uso wa chembe za binda na kwenye sabuni zilizomo za kuzuia chembe hizo zisishikane, ikasongamana huko. Inajulikana vilevile kwamba sabuni yenye chaji hasi ikiwa kidogo mno huchochea jozi, na ikiwa nyingi ya kutosha kutengeneza vifundo vyake huzitenganisha tena. Fundi asiye na maabara hawezi kuucheza mchezo huo kwa kubahatisha. Chagua binda iliyosimamishwa kwa sabuni zisizo na chaji, au rangi yenye chaji inayolingana na ya binda. Iwapo muuzaji hajui, changanya kijiko kimoja cha binda na matone ya mmumunyo wako ndani ya chupa ya kioo, funga, na uiache mpaka kesho yake. Uitegeshe kwenye mwanga na kuizungusha polepole: ukiona mchanga mwembamba kwenye ukuta wa kioo, nyuzinyuzi, au mgando chini, viwili hivyo havipatani na hakuna ukaushaji utakaovipatanisha.

Mmumunyo huongezwa kwa bomba la sindano, polepole, huku binda ikikorogwa kwa utulivu usioleta povu. Ethanoli nyingi kwa mpigo mmoja huweza kuigandisha emalsheni, na ndiyo sababu ya kuiweka asilimia 20 tu katika mmumunyo badala ya kuyeyusha rangi kwa spiriti tupu. Mchanganyiko ukiwa mwepesi mno kwa skrini, tumia kizitishi kisicho na chaji cha aina ya selulosi.

Ngazi ya vipimo

Hii ndiyo hatua ambayo haifai kurukwa, na inamaliza mabishano mengi na mteja. Kwanza ujue binda yako ina yabisi kiasi gani. Kama lebo haisemi, pima gramu 2 kwenye kifuniko cha foili, zikaushe kwenye oveni ya nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike, kisha upime kilichobaki. Tuseme ni asilimia 45. Gramu 20 za binda zitakuwa na gramu 9 za polima kavu, na asilimia zote za rangi zihesabiwe juu ya hizo gramu 9, wala si juu ya uzito wa mchanganyiko wenye maji, kwa sababu kinachobaki kwenye nguo ni polima.

Andaa vikombe vitano, kila kimoja na gramu 20 za binda. Kwa mmumunyo wa asilimia 1, kikombe cha asilimia 0.05 kinahitaji gramu 0.45, cha 0.1 gramu 0.9, cha 0.2 gramu 1.8, cha 0.5 gramu 4.5, na cha asilimia 1 gramu 9. Kila kikombe kijazwe mpaka kimiminika kilichoongezwa kiwe jumla ya gramu 9, na kijazio kiwe maji na ethanoli kwa uwiano uleule wa mmumunyo, maana ukijazia maji matupu utakuwa umebadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja na hutajua ni kipi kilicholeta tofauti. Ongeza kikombe cha sita kisicho na rangi.

Paka kila mchanganyiko kwenye kipande cha sentimita 10 kwa 10, kwa skrini ileile na idadi ileile ya kupitisha mpira wa kusukuma rangi, na upime uzito kabla na baada. Ongezeko la gramu 0.20 ni sawa na gramu 20 kwa mita ya mraba. Hapa pana mtego wa hali ya hewa yetu. Pamba hubeba unyevu wa karibu asilimia 8.5 ya uzito wake mkavu katika hewa ya kawaida ya maabara, na kwa hewa ya pwani wakati wa masika hubeba zaidi. Kipande cha gramu 1.6 kinachotoka kwenye joto kinaweza kuwa kimepoteza unyevu wa zaidi ya gramu 0.1, yaani zaidi ya nusu ya uzito wa mpako unaotaka kuupima. Vipande vyote, pamoja na kimoja kitupu kilichopitia joto hilohilo, vipumzike pamoja mezani mpaka uzito wa kile kitupu urudi ulipokuwa, ndipo upime.

Kulinganisha mng'ao, tumia boksi lililopakwa rangi nyeusi ndani, tochi iliyofungwa pembeni kwa pembe ya nyuzi 45, na simu iliyowekwa juu ikiwa imefungwa mipangilio ya mwanga na ya weupe, kwa sababu simu ikiachiwa hiari itang'arisha picha hafifu na kufifisha ile kali, na ngazi yako yote itaonekana sawa. Katika kila picha kiwepo kipande kilekile cha marejeo. Fanya kazi hiyo katika joto moja: mng'ao wa rodamini B hupungua kwa karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, hivyo karakana ya bati inayopanda nyuzi 8 kati ya asubuhi na saa nane mchana itakupa tofauti ya asilimia 15 isiyohusiana na mpako. Ukipanga picha utaona mng'ao ukipanda, ukafika kilele, kisha ukashuka huku rangi ikizidi kuwa nzito na ya zambarau. Dozi ya kazi ichukuliwe kidogo chini ya kilele. Juu ya kilele unalipia rangi inayokuharibia mali.

Kukausha

Lengo ni kuondoa maji kwa haraka ya kutosha ili rangi isipate muda wa kuhama, lakini bila kuufunika uso kwa ngozi wakati chini bado ni majimaji. Kutundika kitambaa kwenye kamba usiku kucha ni njia ya hakika ya kupata mrundikano, hasa miezi ya Machi hadi Mei ambapo hewa imekwisha kushiba maji. Utaona pindo la chini limekolea na sehemu iliyogusa kamba ina mstari. Tumia hewa ya moto inayotembea, kati ya nyuzi 80 na 100, mpaka kitambaa kisiwe na ubaridi kikiguswa kwa mgongo wa mkono. Baada ya hapo ndipo polima ikomazwe, yaani iimarishwe kwa joto, kwa nyuzi 150 kwa dakika 3 hadi 5, au kama muuzaji wa binda anavyoelekeza. Mashine ya kubonyeza fulana kwa joto isitumike kwa kitambaa chenye maji: mvuke unaonaswa chini ya bamba huichemsha rangi na kuisukuma mahali ambapo hukutaka iende. Kitambaa kilichokwisha kukauka hakina tatizo hilo.

Binda laini ina gharama yake. Polima inayobaki nyororo kwenye joto la kawaida huipa nguo mguso mzuri, lakini molekuli za rangi zinaendelea kutambaa ndani yake kwa wiki na miezi, na stoo yenye joto la nyuzi 32 huzisaidia. Kipande kilichong'aa vizuri siku ya kwanza kinaweza kufifia kabatini bila kuona jua. Binda ngumu zaidi huzishika mahali pake, lakini kitambaa hukakamaa na mpako huweza kupasuka kwenye mikunjo. Kwa kizibao kinachovaliwa juu ya nguo nyingine ningechagua ugumu. Kwa fulana inayogusa ngozi, ningekubali ulaini na kushusha dozi ya rangi kwa theluthi moja. Viunganishi vinavyoifunga polima wakati wa kukomaza husaidia pia, ila vile vya melamini huweza kuacha fomaldehidi, hivyo visitumike kwenye nguo za watoto.

Kuhakikisha kwamba tatizo ni mrundikano

Mng'ao hafifu una sababu nyingi, na dawa ya moja huzidisha nyingine. Kasoro inayochanganywa zaidi na mrundikano ni rangi kujifyonzea mwanga wake yenyewe: tabaka likiwa nene, mwanga uliotolewa chini hufyonzwa tena na molekuli za juu kabla haujatoka. Ili kuzitenga kasoro hizi mbili, paka mchanganyiko uleule kwenye karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, mara moja kwa unene wa utepe mmoja wa gundi uliobandikwa pembeni, mara nyingine kwa unene wa tepe tatu. Ikiwa tabaka jembamba linang'aa vizuri na lile nene ndilo lenye mwanga mwekundu zaidi na hafifu, punguza unene wala usiguse dozi. Ikiwa hata jembamba limefifia, molekuli zimerundikana, kwa sababu umbali kati yao hautegemei unene.

Jaribio la pili ni la tone la ethanoli. Liweke kwenye kipande cha dozi ndogo na kwenye cha dozi kubwa, chini ya tochi. Ethanoli huvimbisha polima na kuzitenganisha jozi. Kipande cha dozi kubwa kikiwaka ghafla pale palipolowa na kufifia tena kikikauka, huku cha dozi ndogo kikibadilika kidogo tu, hiyo ni dalili nzito ya mrundikano. Naiita dalili kwa sababu kulowa peke yake hubadilisha namna kitambaa kinavyotawanya mwanga, na ndiyo maana kipande cha dozi ndogo lazima kiwepo.

Jaribio la tatu huonyesha kama rangi imekufa au imejificha. Kata vipande viwili vilivyo sawa, kimoja cha asilimia 0.1 na kingine cha asilimia 1, uviloweke kila kimoja katika ujazo uleule wa ethanoli mpaka kimiminika kisizidi kukolea. Zimua kile cha pili mara kumi. Vikilingana kwa mng'ao, rangi yote ipo hai na tatizo lilikuwa msongamano ndani ya tabaka. Cha pili kikiwa hafifu sana ingawa kitambaa chake kimeachia rangi yote, basi sehemu ya rangi imeharibiwa na joto la kukomaza au jua.

Rodamini B ina hila moja zaidi: ikiwa katika mazingira yasiyopenda maji, sehemu ya molekuli zake hujifunga kwa ndani na kupoteza rangi kabisa. Mrundikano huacha rangi nzito isiyong'aa, wakati kujifunga huku hufanya kitambaa kiwe cheupe zaidi. Tone la siki hurudisha rangi mara moja. Rodamini 6G haina hila hiyo. Fluoreseini nayo hutegemea uchachu (asidi): chini ya pH 6 hufifia sana, na vichocheo vya chumvi za amonia vinavyotumika kukomaza binda huacha uchachu huo ndani ya tabaka. Tone la maji yenye magadi likirudisha mng'ao, badilisha kichocheo.

Mwenye nafasi ya kufika maabara ya chuo apeleke kipande cha plastiki kilichopakwa, si kitambaa, kwa kuwa kitambaa hutawanya mwanga na kuficha umbo la ufyonzaji. Aombe mchoro wa ufyonzaji kuanzia nanomita 450 hadi 620. Kwa rodamini B, bega la nanomita 520 likikua kulinganisha na kilele cha nanomita 555 kadiri dozi inavyopanda, swali limekwisha.

Pale ambapo unga mtupu haufai

Kwa oda kubwa, maoni yangu ni kwamba fundi aache kuyeyusha rangi mwenyewe na anunue pigmenti ya flurosenti iliyokamilika. Hii ni rangi iliyoyeyushwa ndani ya resini ngumu kiwandani, kisha resini ikasagwa kuwa unga wa chembe za mikroni chache. Njia hii ilitokana na kazi ya ndugu Joseph na Robert Switzer huko Marekani iliyoanza miaka ya 1930. Molekuli zimekwisha kuachanishwa na kufungiwa, na binda ya fundi hushika chembe tu. Chembe zenyewe zaweza kushikana na kuacha vinundu, lakini hilo ni tatizo la kukoroga na kuchuja, jepesi kuliko la molekuli. Jihadhari na viyeyusho vikali na joto linalozidi lile lililotajwa na muuzaji, kwa sababu vyote viwili huivuta rangi nje ya resini na kukurudisha mwanzo.

Kizibao kikiuzwa kama kifaa cha usalama barabarani, kung'aa machoni hakutoshi. Kiwango cha EN ISO 20471, cha nguo za kuonekana kwa urahisi, kinadai rangi iwe ndani ya mipaka maalumu, mng'ao usishuke chini ya kima kilichowekwa, na vipimo virudiwe baada ya kitambaa kuangazwa. Rangi za flurosenti kwa asili hazivumilii jua, hivyo kabla ya kwenda Shirika la Viwango Tanzania (TBS) Ubungo kuulizia upimaji, weka kipande chako juu ya paa kikiwa kimefunikwa nusu kwa foili, ukilinganishe kila wiki. Kwa ufuaji na msuguano, njia za ISO 105-C06 na ISO 105-X12 ndizo za kutaja unapozungumza na maabara.

Mchanganyiko uliobaki uhifadhiwe katika chombo kilichojaa hadi juu, kifunikwe kisipitishe mwanga, kiwekwe mahali penye ubaridi lakini si ndani ya jokofu la kugandisha, na uchujwe upya kabla ya kutumika. Ukiona umeganda au una harufu ya kuoza, upake kwenye matambara, uyakaushe na kuyatupa pamoja na taka ngumu. Maji ya kuoshea skrini yakusanywe kwenye ndoo, yaachwe yatuame, na tope lake likaushwe vilevile, kwani gramu chache za rodamini zinatosha kuupaka waridi mtaro mzima unaoelekea Mto Msimbazi.